Kapita wa Mto Usio na Ramani

Mtumbwi ulipopinduka kwa mara ya pili, Séraphin alizama na sufuria yake mkononi. Alikuwa mpishi wa safari, na chombo alichobakiwa nacho kilikuwa hicho tu. Maji yalimzungusha, yakambamiza kwenye mwamba, yakamvuta chini. Ndipo mkono mmoja ulipomkamata ukosi na kumburura hadi mchangani. Alipofumbua macho alikaribishwa kwa kofi.

"Siku nyingine," Kapita alimwambia, "achia sufuria."

Kila alipofika hapo katika masimulizi yake, Séraphin alicheka mpaka machozi yakamtoka. Binti yake Gaudensia alicheka naye, ingawa kisa hicho alikijua kama sala ya Baba Yetu. Walikuwa jikoni kwao Hounslow, London, ndege zikipita juu ya paa na kutikisa vikombe. Ilikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa vimewatoa Kongo, mama yake Gaudensia alikuwa amefariki zamani, na binti alipokwenda kufanya usafi uwanja wa ndege, mzee alishinda dirishani akitazama mvua. Mto ule tu ndio uliomrudishia sauti.

Ulikuwa mto wa msituni ambao ramani ya Wabelgiji iliuacha katikati, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Watu wa juu waliujua wa juu, watu wa chini waliujua wa chini. Kati yao palikuwa na maporomoko, na hakuna aliyepita pale akarudi kusimulia. Séraphin alipokuwa kijana, Mbelgiji mmoja mchora ramani aliamua kuushuka wote. Siku ya kuondoka, mwenye mitumbwi akaangushwa na homa, akamtoa mtoto wake, rika moja na Séraphin, ashike usukani. Mbelgiji alimtazama mtoto yule, akakataa katakata. Lakini hakukuwa na mwingine aliyeweza kuyasoma maji, basi wakaondoka hivyo hivyo. Walipovuka maporomoko ya kwanza, kila mtu alikuwa akimwita Kapita, yaani kiongozi wao, Mbelgiji akiwa wa kwanza.

Kapita aliusikia mto kabla hawajauona. Akiinua mkono, wote waliacha kupiga makasia. Akiushusha, walipiga kama vichaa. Vyakula viliposombwa, yeye ndiye aliyejua mizizi ya kuchimba. Mbelgiji alipoanza kuweweseka kwa malaria, yeye ndiye aliyeamua walale wapi na waondoke lini. Mvua ya msituni iliwaozesha nguo mwilini, viboko waliwafukuza, lakini mto ulipofunguka na kuwa mpana na mpole, hakuna hata mmoja aliyekosekana mtumbwini.

"Halafu mkaagana vipi?" Gaudensia alizoea kuuliza.

Hapo mzee alirudia dirisha lake. Mara moja tu ndipo aliposema kwamba usiku wa mwisho alimwomba Kapita jambo fulani, akakataliwa mbele ya wapiga kasia wote, nao wakamcheka. Alfajiri alipanda lori la kwanza bila kuaga. Jambo gani, hakusema.

Gaudensia aliona ni kiburi cha wanaume tu, kununiana karibu miaka hamsini. Hakutaka baba yake aondoke duniani na fundo hilo moyoni. Akamwendea shemasi Fortunat wa kanisani kwao, mtu mwenye ndugu katika kila mji wenye Wakongo. Fortunat akapiga simu Kisangani, Kisangani wakapiga Kindu, na jibu likarudi kutoka Brussels. Kapita alikuwa hai. Tangu afiwe na mwenzake aliishi huko kwa wajukuu, na Jumamosi angepanda treni kuja London.

"Bado ana hasira?" Gaudensia aliuliza.

Fortunat alijikuna kidevu. Alikuwa amezungumza na mjukuu tu, tena simu ilikuwa ikikwaruza. "Ujumbe wenyewe ni huu, dada: mwambie Séraphin nakuja, na safari hii asikimbie."

Mzee alipopewa habari hiyo aliomba wembe. Wiki ile hakutazama mvua. Aliazima suti kwa Fortunat, akapiga viatu rangi mara mbili, akasimama mbele ya kioo akinong'ona. Gaudensia alimsikia kupitia mlangoni. Alijua mtu anayejipanga kwa ugomvi akimsikia.

Jumamosi, katika kituo cha Waterloo, alimpokonya baba yake fimbo taratibu, eti amshikie. Hakutaka iwe karibu wazee wale wakianza kugombana.

Treni ikafika na abiria wakamiminika. Kati yao alitokea mzee wa Kiafrika mwenye kofia, mabega mapana, uso mkali, akaja moja kwa moja upande wao. Gaudensia alijiweka mbele ya baba yake, akapiga goti kidogo, akamwamkia kwa heshima zote alizofundishwa. Mzee yule aliitikia vizuri, kisha akauliza choo kiko wapi.

Gaudensia alipomaliza kumwelekeza na kugeuka, baba yake hakuwepo. Alikuwa amekwisha kwenda, bila fimbo, akiwapita watu na masanduku yao, mpaka kwa bibi mmoja mrefu aliyevaa kitenge chini ya koti zito. Alisimama mbele yake wima kama askari.

"Kapita," alisema.

Bibi alimkagua bila haraka, kuanzia viatu mpaka tai.

"Uliponiposa kule mtoni ulikuwa umelowa chapachapa, huna hata shati," alisema. "Leo naona umevaa. Haya, niulize tena."