Wimbo wa Mwanya

Siku hizi kila wimbo hutungwa na mashine kwa ajili ya mtu mmoja tu. Wimbo aliotumiwa Mwanakombo na mumewe ulisifu mwanya, na yeye meno yake yamebanana kama punje za hindi. Bila shaka kuna mwanamke mwenye mwanya huo. Roho juu, akabandika kiungo cha wimbo kwenye Mtambuzi, programu inayotaja kila wimbo umetungiwa nani. Jibu likatoka: “Umetungiwa Mwanakombo Faki.”

Akajicheka, akapakua wali.

Mumewe alikula matonge mawili, akamtazama mdomoni. “Umeusikiliza, mke wangu?”

“Nimeusikiliza. Mbona mimi sina mwanya, baba Rehani?”

“Najua,” alisema, akivuta bakuli la mchuzi. “Daktari wa meno anatusubiri Jumatatu.”