Chembe ya Manjano

Bi Riziki aliona saruji, mchanga na makopo ya rangi kwenye bustani ya jirani yake Nyamvula, akajua kuna kaburi linajengewa. Alijitanda kanga, akabeba sukari, akaenda kutoa pole.

“Poleni na msiba, mwenzangu. Mmefiwa na nani?”

“Hajafa mtu,” alisema Nyamvula bila kuacha kazi. “Hizi ni chembe za damu ya mwanangu Kadzo, kama daktari alivyotuonyesha kwenye darubini.”

Zilikuwa za saruji, zimesimamishwa wima, kubwa kama magurudumu ya lori, nyekundu, za mviringo, zimebonyea katikati. Moja tu, ya manjano, ilikuwa imepinda kama mundu.

Kadzo mwenyewe alisimama mlangoni, amejifunika shuka. Asubuhi hiyo maumivu ya viungo yalikuwa yamempungua kidogo. Bi Riziki akashusha sauti. “Hiyo iliyopinda ivunje. Ugonjwa wa mtoto hauanikwi uani, watu wanapita.”

“Hiyo ndiyo niliyoanza nayo, na leo naiongezea saruji ya rangi. Nimechoka kunong'ona ndani ya nyumba yangu.”

Kadzo alikuja polepole, akazizunguka chembe zote, akizigusa moja moja. Kisha akaketi kwenye mpindo wa ile ya manjano, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na mahali pa kukaa.

“Mwanangu, bado mbichi hiyo,” alisema Bi Riziki.

Saruji ilikuwa inabonyea chini yake, ikichukua umbo lake. Kadzo akataka kuinuka.

“Kaa hapo hapo,” alisema mama yake, akautumbukiza mwiko kwenye ndoo ya maji ili alainishe saruji kumzunguka.