Mbuzi wa Kupeleka Kisian

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe saba Machi, mwaka wa 1970, asubuhi, pale Milka alipochungulia juu ya ua wa jirani yake Dalmas akapiga nduru iliyosikika mtaa mzima wa Kondele.

Waliaula alikuwa nyuma ya nyumba yake akimwosha mbuzi kwa sabuni. Huyu hakuwa mbuzi wa mchezo. Tangu azike mke wake, Waliaula alikuwa akijipikia ugali wenye madonge na kuula peke yake. Sasa kaka zake Beldina, mjane wa Kisian, walikuwa wamemwambia aje kesho baada ya kanisa na mbuzi mnono, ndipo mazungumzo ya ndoa yaanze. Bila mbuzi, asijisumbue.

Aliposikia nduru akamfunga mbuzi, akakimbilia kwa Dalmas.

Dalmas, fundi wa baiskeli aliyefiwa na mke kama yeye, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake. Uso wote ulikuwa umepakwa udongo mweupe, kutoka kipajini mpaka shingoni, kama wazee wa zamani walivyojipaka wakifiwa. Midomo ameifunga kama dirisha la ofisi ya serikali saa sita mchana. Machozi yanamtiririka.

"Pole, Bwana Dalmas. Ni nani?" Waliaula akauliza.

Dalmas akatikisa kichwa, akaguna kwa pua. "Mmm."

"Mtu ana uchungu na wewe unamhoji?" Milka akamkemea. "Kwani hukuona? Wiki nzima hali nyama. Anachemsha mboga za majani, hatii mafuta, hatii hata chumvi. Juzi nilimwona anatafuna karoti mbichi kama sungura. Nikajua huyu ana jambo."

"Sawa, lakini amekufa nani?"

"Mtu wa karibu. Hakuna anayetafuna karoti namna hiyo kwa ajili ya binamu."

Watu wakajaa. Huyu na unga, yule na sukari, mwingine na mzigo wa kuni kichwani. Kila aliyeingia alimnong'oneza wa mbele yake amuulize ni nani, na wa mbele, kwa aibu ya kutojua, akatunga jibu. Kufikia saa nne, aliyekufa alikuwa mjomba wa Port Victoria, shemeji mfanyakazi wa reli na shangazi mmoja mnene, na wote walikuwa wameliliwa sana.

Kisha akaja Mzee Ochieng, mzee wa mtaa, na kofia yake na fimbo yake. Wakubwa ni wakubwa. Bomba la maji lilipokauka mwezi mzima, Ochieng hakuonekana. Mke wa Waliaula alipokufa, Ochieng alituma salamu za pole kwa mtu, na yule mtu akazisahau. Lakini panaponukia nyama, hakuna haja ya kumwita.

"Matanga gani haya hayana mnyama?" Ochieng akauliza. "Watu walie na tumbo tupu? Waliaula, wewe una mbuzi."

"Mzee, yule ana kazi yake."

"Kazi gani inayozidi kifo?"

"Basi kwanza niambiwe kifo ni cha nani. Kama ni mtu wa mbali, mbuzi wangu ni mkubwa kuliko msiba."

Watu wakaguna. Milka akamtazama Waliaula kuanzia viatu. "Tulipomzika mke wako, Dalmas alichimba kaburi mpaka jembe likavunjika mpini. Wewe unapima msiba na mbuzi?"

Hilo lilikuwa kweli. Waliaula akaona ugali wake wenye madonge ukimngojea mpaka uzeeni.

Dalmas aliposikia habari za mbuzi aliruka kutoka kigodani, akapunga mikono yote miwili, akaguna kwa nguvu, akionyesha mbuzi, akionyesha uso wake.

"Mshikeni," Ochieng akaamuru. "Uchungu umempanda kichwani."

Vijana wawili wakamkalisha. Dalmas akajigusa shavu kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayeangalia kama bado lipo.

Mbuzi akaletwa, akachinjwa; alilia mara moja tu. Waliaula akalia zaidi, hata kina mama wakamsifu: jirani ni huyu, anamlilia maiti kuliko ndugu wa tumbo moja. Wakampa ubavu. Ochieng alijipa mguu.

Mchana, ofisi za mjini zilipofungwa, Rosa akafika. Huyu ni binti wa Dalmas, mpiga chapa wa ofisini, viatu virefu, ngozi inang'aa kama nyanya iliyoiva. Kina mama wakamkimbilia kwa vilio kumshika asianguke. Akawapenya, akainama mbele ya baba yake, akamgonga shavuni kwa kidole. Likalia ko, ko, kama chungu.

"Baba," akasema, "si nilikwambia robo saa tu, halafu unaosha? Sisi ofisini tunapaka na kuosha kabla chai haijapoa. Udongo na yai na ndimu, umekaa nao tangu asubuhi? Sasa kesho utakwenda kwa Mama Beldina kule Kisian na uso gani?"

Ubavu ukamponyoka Waliaula.

Dalmas akafungua mdomo kwa shida. Kipande cha shavu kikabanduka, kikatumbukia kwenye bakuli la mchuzi la Mzee Ochieng.

"Ulisema nisiongee, ngozi itajikunja," akamwambia binti yake. Kisha akawageukia wale watu wote, na zile kuni, na ule unga. "Lakini nyinyi, jamani, tangu asubuhi mnalia hapa kwangu na hakuna hata mmoja anayeniambia. Amekufa nani?"