Kioo Kipya cha Wodi

Kila alipomtazama mumewe kupitia dirisha la wodi ya waliotengwa, Tunu alijiambia kwamba rangi ile mbaya usoni ni ya kioo tu.

Asubuhi hiyo fundi alibandua kioo cha zamani, akaweka kipya.

"Vioo vya kawaida vina chuma kidogo ndani, ndiyo maana vina ukijani," alimweleza. "Hiki hakina, mama. Utamwona kama alivyo."

Tunu akasogea. Shuka zilikuwa nyeupe pe. Macho ya mumewe, Kombo, yalikuwa manjano matupu.

Akamshika fundi mkono. "Nakuomba, baba, nirudishie kile cha zamani."



Kule ndani Kombo alimwona mkewe analia. Akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha kidole taratibu kuelekea shavu la mkewe, kana kwamba amfute chozi na hakuna kioo kati yao.