Shangazi wa Bwana Harusi

Tonge lilikuwa limeshakaribia mdomo wa Yeshimebet alipogundua kuwa hema hili si la mkutano wa madaktari wa mifugo. Ni la harusi.

Alikuwa ametoka Gondar kwa ndege asubuhi hiyo, akaambiwa chakula cha mchana kiko hemani, nyuma ya hoteli. Lakini Addis Ababa nayo, kila mtaa na hema lake.

"Pokea, shangazi," alisema mama wa bibi harusi. Kipande cha injera, ule mkate laini mfano wa chapati, kilikuwa kimekunjwa vidoleni mwake, na mchuzi mwekundu wa kuku ukimchuruzika hadi kifundo cha mkono. "Nimekusikia ukisalimia, nikajua huyu wa Gondar, kwao bwana harusi. Tulishaanza kusema huyu kijana ameokotwa njiani, hana kwao."

Wanawake wakaangua kicheko. Upande wa bwana harusi viti vilikuwa vitupu. Basi la ndugu zake lilikuwa limeharibika milimani tangu jana. Yeye mwenyewe, suti imembana na jasho linamtoka, alimkazia macho Yeshimebet kama mtu anayeomba maji.

Tonge la mkono wa mtu halikataliwi. Na ukilimeza, ushakuwa wa nyumba hiyo.

Yeshimebet akaisukuma beji ya mkutano ndani ya shuka lake jeupe, akafungua kinywa.

Alitafuna taratibu, hema zima likimngoja.

"Kuku si mbaya," alisema, "ila pilipili mmeionea huruma. Sasa mnijibu: huyo binti yenu anajua kupika, au mtoto wangu nirudi naye Gondar?"