Supu ya Ikulu

Kila asubuhi mpishi wa Ikulu alionja supu ya Rais mbele ya mlinzi. Siku hiyo mlinzi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyefia gerezani kwa amri ya Rais, ingawa pale hakuna aliyejua undugu wao. Kijana akamshika mkono wenye kijiko.

"Leo usionje, mama mdogo."

"Unaogopa nitaimaliza?"

Hakucheka. Tone la jasho lilining'inia kidevuni mwake, likagoma kudondoka. Mpishi akaelewa. Kijana huyu angenyongwa.

Kutoka chumbani Rais akaita, "Mama Supu! Leo tumefunga?"

"Naleta, Mheshimiwa!"

Akachukua sinia.

"Pita mlango wa nyuma, mwanangu. Wakiuliza, sumu nimeitia mimi. Na Mungu ananiona, nilichelewa tu."