Mzinga wa Chini

Kompyuta ilimwachia Marsela ngome yake nzima, wazi, haina mlinzi.

"Kula, dada," alisema Hezron, mwenyekiti wa klabu yao ya sataranji pale Mpanda, akiinamia kioo. "Imekosea hiyo. Mashine inahesabu tu, haijui kutoa kafara leo ili ije kuvuna kesho."

Wiki nzima mashine hiyo ilikuwa ikimfunga, na leo Marsela alikuwa ameapa haondoki kitini mpaka aibane. Akasogeza mausi. Kidole chake kilikuwa kimevimba kwa mwiba wa nyuki wa Jumapili, kikimuuma kila alipokikunja.

Nyumbani kwao Inyonga, baba yake hutundika mizinga juu kabisa mitini. Mmoja mbovu huuacha chini, na masega ndani yake. Huo ni wa nyegere, mnyama mwizi wa asali. Akishiba pale chini, hahangaiki kupanda.

Na mzee yule hajawahi kuusahau mzinga chini kwa bahati mbaya.

Kidole kikasimama. Marsela akaiacha ngome, akaanza kuutafuta mzinga wa juu. Akauona: askari mdogo wa mashine, pembeni kabisa mwa ubao, ambaye njia yake ya kwenda kugeuka malkia ingefunguka mara tu ngome ikiliwa.

"Unangoja nini?" Hezron akauliza.

"Mimi sio nyegere, kaka."

Akampeleka farasi wake kuifunga njia ya yule askari.

Asubuhi nzima mashine ilikuwa ikimjibu kabla hajainua kidole. Safari hii ilibaki ikihesabu.